Washauri wa Shakahola Waliumia Kazini, Watibiwe

Miili ya waumini waliofundishwa kufunga hadi kufa ili wamfikie Yesu, iliyofukuliwa katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi, ilihesabiwa mmoja mmoja. Tangu Aprili 2023 Wakenya walikuwa wakisomewa idadi kila jioni kwenye taarifa ya habari. Ikapita mia moja, ikapita mia mbili, na kufikia katikati ya Julai ilikuwa imepita 400. Manusura walihesabiwa. Waliopotea waliandikishwa. Washukiwa walipangwa kizimbani na majina yao yakasomwa. Lakini kuna kundi moja lililokuwa pale tangu siku za mwanzo, ambalo sijaona ripoti yoyote ya serikali ikitoa hesabu yake: washauri nasaha, wanasaikolojia na vijana wa kujitolea walioumia wakiwahudumia hao wengine wote.

Nasema waliumia kwa maana ile ile tunayosema fundi wa mjengo ameumia akianguka kutoka ghorofani. Walikwenda kazini wazima, wakarudi na jeraha, na jeraha hilo limetokana na kazi waliyotumwa. Fundi akianguka watu hukimbia wakambeba. Mshauri akianguka huambiwa apumzike Jumamosi na Jumapili, Jumatatu awahi. Hii ni aibu ya taifa, na nimechoka kulisikia jambo hili likizungumzwa kwa sauti ya upole kwenye warsha kana kwamba ni tatizo la watu laini wasiojua kujitunza. Kuna mwajiri aliyewatuma. Kuna serikali iliyowaita. Kuna wafadhili walioandika majina yao kwenye ripoti. Hao ndio ninaowadai leo.

Tuitazame kazi yenyewe, maana wengi hudhani mshauri hukaa katika chumba tulivu, akamsikiliza mtu mmoja kwa saa moja, kisha akaenda zake kunywa chai. Malindi, miili ilikopelekwa, haikuwa hivyo. Uchunguzi wa maiti ulianza Mei mosi mwaka ule katika mochari ya hospitali ya Malindi, ambayo ilikuwa imefurika kiasi cha kuletwa makontena ya baridi. Dkt. Johansen Oduor, mwanapatholojia mkuu wa serikali, alikuwa ndani na wenzake. Nje zilikuwa familia. Shirika la Msalaba Mwekundu lilifungua dawati la kuwatafuta waliopotea, na kwenye dawati la aina hiyo mshauri ndiye anayekaa na bibi aliyesafiri usiku kucha, mkononi ana simu yenye picha ya wajukuu. Inabidi amsaidie kukumbuka. Mtoto alivaa nini mara ya mwisho? Ana kovu wapi? Meno ya mbele yalikuwa yameshaota? Anayeulizwa bado ana matumaini. Anayeuliza anajua kwa nini anauliza. Bibi akinyanyuka, anakaa baba mwingine, naye ametafuta mke na watoto wanne, na nyuma yake foleni haijapungua.

Harufu nayo ilikuwa haina mpaka. Ilikaa kwenye nguo, kwenye nywele, kwenye barakoa. Madaktari wa maiti walikuwa na mavazi yao ya kazi na wanajua wakitoka wanayavua. Mshauri aliyekaa na familia alirudi nyumbani kwa bodaboda na nguo zile zile.

Halafu ukaja muda wa kungoja. Sampuli za DNA zilichukuliwa, na familia ya kwanza haikukabidhiwa miili hadi Machi 2024, karibu mwaka mzima tangu ufukuaji uanze. Mwaka mzima, nani alikuwa akipokea simu za wale wazee? Hakuwa waziri. Hakuwa msemaji wa serikali. Alikuwa mshauri, ambaye hana maabara, hana mamlaka, hana hata tarehe ya kuwapa, na jibu lake lilikuwa lile lile kila wiki: subirini. Mtu amesomea kuwarudishia watu nguvu, akageuzwa kuwa mlango unaofungwa usoni mwao. Jonathan Shay, daktari wa akili wa Marekani aliyewatibu wanajeshi wa zamani wa vita vya Vietnam, alieleza tangu miaka ya 1990 kwamba kuna jeraha linaloletwa na kusalitiwa, pale mwenye mamlaka anapokiuka lililo haki wakati wa jambo zito na wewe wa chini yake ukabaki na matokeo. Ni jeraha la dhamiri. Hofu inaweza kupungua ukitoka kwenye hatari. Dhamiri unalala nayo.

Na Mtwapa palikuwa pagumu kuliko Malindi. Huko, katika kituo cha uokoaji, walipelekwa watu waliotolewa msituni wakiwa hai, na baadhi yao waliendelea kukataa chakula. Mshauri anakaa sakafuni na mtu aliyebaki ngozi na mifupa, anambembeleza anywe uji, na mtu huyo anamtazama kama adui wa roho yake, anayemzuia kumfikia Yesu. Unamwonyesha upendo, naye anauona mtego. Kesho yake unarudi. Imani ya mtu wa namna hiyo haivunjwi kwa hoja. Inalegezwa kidogo kidogo kwa kukaa naye, kumjua jina la mama yake, kumuuliza habari za shamba lake. Ni kazi ya wiki nyingi. Lakini Juni 2023 watu 65 kati yao walipelekwa katika mahakama ya Shanzu wakashtakiwa kwa kujaribu kujiua, kwa sababu walikataa kula. Karatasi moja ya mashtaka ikafuta kila kitu kilichokuwa kimejengwa. Mshauri aliyekuwa amemwambia mgonjwa wake "hapa uko salama" alionekana mwongo, na hakuna aliyemuuliza yeye alilalaje usiku ule.

Namjua mmoja wao. Ni mama wa watoto wawili, aliyefanya kazi kipindi hicho kwa mkataba mfupi na shirika ambalo sitalitaja. Miezi kadhaa baada ya kuanza, jioni moja, mwanawe wa mwisho, mtoto wa miaka sita, alisukuma sahani ya wali na kunde akasema hataki. Mtoto gani hajawahi kusema hataki? Mama huyu alimshika taya akamtia tonge kwa nguvu, akatia la pili kabla la kwanza halijamezwa. Mtoto akapaliwa, akageuka rangi, na mama mkwe ndiye aliyekimbia kutoka uani akamnyang'anya. "Sikumwona mwanangu, dadangu," aliniambia. "Niliona mbavu tu." Kuanzia siku hiyo hakuwalisha tena watoto wake kwa mkono wake. Alikuwa akipakua, anaweka mezani, anatoka nje mpaka wamalize. Akienda sokoni alizunguka njia ndefu ili asipite karibu na hospitali, kwa sababu ya harufu ya dawa ya kusafishia sakafu. Alipojikaza akamweleza msimamizi wake, alipewa siku mbili bila malipo na ushauri wa kusali. Mkataba wake ulipokwisha haukuongezwa. Leo anauza vitambaa. Alikuwa mshauri hodari kuliko wengi niliowahi kuwaona kazini, na nchi hii imempoteza.

Msiniambie huyo ni mmoja. Mwaka 1990 Lisa McCann na Laurie Anne Pearlman waliandika juu ya kiwewe kinachomwingia msikilizaji kutokana na simulizi za anaowatibu, namna kinavyobadilisha hata anavyoiona dunia, nani wa kuaminika, mahali gani ni salama. Miaka mitano baadaye Charles Figley akatoa kitabu kizima kuhusu uchovu wa huruma. Mwaka 2013 Chama cha Madaktari wa Akili cha Marekani kilipotoa toleo la tano la mwongozo wake wa magonjwa, kiliandika wazi kwamba mtu anaweza kupata ugonjwa wa kiwewe kwa kukutana tena na tena, kupitia kazi yake, na undani wa mambo ya kutisha yaliyowapata wengine, kikawataja kwa mfano wanaookota mabaki ya miili. Kutazama tu kwenye televisheni hakuhesabiwi, ila ikiwa ndiyo kazi yako. Sayansi imemaliza sehemu yake siku nyingi.

Na ushahidi hauko ng'ambo peke yake. Alastair Ager na wenzake walichapisha mwaka 2012 utafiti juu ya wafanyakazi wa misaada 376 wa Gulu, kaskazini mwa Uganda, wote wenyeji wa nchi hiyo. Asilimia 68 walikuwa na dalili za kiwango cha hatari ya sonona, asilimia 53 za wasiwasi uliokithiri, na asilimia 26 za ugonjwa wa kiwewe. Soma takwimu hizo tena taratibu. Hawa si wageni waliokuja kwa ndege wakashtushwa na Afrika. Ni wenyeji wa nchi iliyopitia vita vile vile vilivyowaumiza waliokuja kuwahudumia. Ndivyo ilivyo kwa mshauri wa Kilifi. Shakahola kwake si habari ya mbali. Ni barabara anayopita, ni kanisa ambalo huenda lilimvutia shangazi yake, ni jina la ukoo anaoufahamu. Anapokaa na mfiwa, mara nyingine ni mfiwa mwenzake.

Sasa nije kwa hili linalonichoma zaidi, maana hapa ndipo waajiri wanapojificha. Kila ukiuliza mashirika yanafanya nini kwa ajili ya wahudumu wao, utajibiwa kwamba yanawafundisha kujitunza. Wafanye mazoezi. Wanywe maji ya kutosha. Waandike shajara. Walale kwa saa nane. Nimekaa kwenye warsha ya aina hiyo katika hoteli ya ufuoni, nikamwona binti aliyetoka zamu ya usiku akisinzia huku slaidi inamwambia umuhimu wa kulala. Aliyempangia zamu hiyo ya usiku alikuwa ameketi mstari wa mbele. Hakuna hata mmoja aliyemuuliza bwana huyo kwa nini asibadilishe ratiba! Ujumbe wa warsha zile ni mmoja: ukivunjika, kosa lako, hukunywa maji. Huo ni ukatili, hata ukisemwa kwa tabasamu na kugawiwa fulana.

Kuna na ile dawa ya pili, ile dibrifingi ya siku moja. Janga likipungua, timu hukusanywa kwenye duara, kila mtu atakiwe kusimulia jambo baya kuliko yote aliloliona, wote walie, wapige picha, waende. Chanzo chake ni utaratibu wa Jeffrey Mitchell wa mwaka 1983, uliobuniwa kwa ajili ya vikosi vya dharura vya Marekani. Ulikuwa na nia njema. Lakini mwaka 2002 wachambuzi wa Cochrane, waliopitia majaribio yaliyokuwa yamefanywa juu ya kikao kimoja cha namna hiyo, hawakupata dalili kwamba kinazuia ugonjwa wa kiwewe, na katika jaribio mojawapo waliopitishwa humo walikuja kuwa katika hali mbaya zaidi. Shirika la Afya Duniani limeshauri kisitumike kuukinga ugonjwa huo. Miaka zaidi ya ishirini imepita na bado mashirika yanaendelea kuwapeleka vijana wetu kwenye duara lile, kwa sababu ni rahisi, linaingia kwenye bajeti ya siku moja, na linatoa picha ya kuweka kwenye ripoti ya mfadhili. Mnawafungua watu vidonda, mnaondoka kabla hamjafunga bendeji.

Wazee walisema kinyozi hajinyoi, akijinyoa hujikata. Watu hupenda kuitumia methali hii kumshangaa mshauri aliyeugua, eti yeye si ndiye mtaalamu? Maana yake iko wazi kuliko hapo. Kinyozi lazima apate kinyozi. Anayesikiliza lazima awe na wa kumsikiliza, mtaalamu aliyemzidi uzoefu, asiye bosi wake, asiyeandika ripoti juu yake, anayekutana naye kila wiki kwa saa iliyopangwa na kulipiwa. Hilo si pendekezo la kubuni. Kamati ya pamoja ya mashirika ya misaada duniani ilitoa mwongozo wake wa afya ya akili wakati wa dharura mwaka 2007, na ndani yake kuna sehemu nzima juu ya kuzuia na kushughulikia matatizo ya kisaikolojia ya wafanyakazi na wa kujitolea wenyewe. Ni miaka 16 kabla ya Shakahola. Hakuna shirika kubwa lililofika Malindi linaloweza kusema halikujua.

Na mashirika yanajua vizuri kupumzisha watu yakitaka. Umoja wa Mataifa una utaratibu wa likizo maalumu za mapumziko kwa wanaofanya kazi vituo vigumu, wenye mzunguko unaojulikana, na umewekwa hasa kwa wafanyakazi walioajiriwa kimataifa. Mgeni anajulikana kwamba atachoka, kwa hiyo ameandaliwa njia ya kutoka. Mwenyeji anadhaniwa amezoea. Amezoea nini? Hakuna binadamu anayezoea kumuuliza bibi kama mjukuu wake alikuwa ameota meno.

Tuingie kwenye sheria, kwa sababu huruma pekee haijawahi kumlipia mtu matibabu. Kenya ina Sheria ya Fidia kwa Majeraha Kazini ya mwaka 2007. Sheria hiyo inamtambua mwajiriwa mwenye mkataba wa utumishi. Wa kujitolea anayelipwa nauli na chakula cha mchana hayumo. Mtaalamu aliyepewa kazi ya miezi mitatu kama mkandarasi wa kujitegemea atahangaika kuthibitisha kwamba yumo. Na hata aliyemo anakutana na ukuta mwingine: utaratibu mzima umezoea ajali yenye siku na saa, yenye damu na picha ya eksirei. Jeraha la mshauri halina saa. Linajengeka hadithi juu ya hadithi, mpaka siku ya sahani ya wali na kunde. Shirika la Kazi Duniani liliporekebisha orodha yake ya magonjwa ya kazini mwaka 2010 liliuweka ugonjwa wa kiwewe ndani yake. Waziri wa Leba ana wanasheria. Watuambie leo ni lini mshauri wa majanga wa nchi hii atajaza fomu ya fidia bila kuonekana kichekesho mbele ya karani.

Kuna sheria nyingine iliyofunga midomo ya watu hawa kwa miaka, nayo haitajwi sana. Kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilifanya kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai. Ndicho kilichowapeleka wale 65 Shanzu. Hebu fikiria mshauri ambaye mwenyewe ameanza kuwaza kuondoka duniani, na anaona kwa macho yake wagonjwa wake wakipandishwa kizimbani kwa jambo hilo. Atamwambia nani? Atafungua kinywa mbele ya msimamizi gani? Mahakama Kuu ilitamka Januari 2025 kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba, na ilitamka haki. Lakini woga hautoki siku moja na hukumu. Bado mshauri anaogopa leseni yake, anaogopa jina lake, anaogopa kuitwa mwendawazimu na watu wa fani yake mwenyewe. Nchi hii ilitunga Sheria ya Washauri na Wanasaikolojia mwaka 2014 ili wasajiliwe na kudhibitiwa. Inajua namna ya kuwadai ada. Ijue pia namna ya kuwatibu.

Wapo watakaosema walichagua wenyewe. Nimesikia hata watu wa dini wakisema hivyo, na wengine wakaongeza kwamba ni suala la imani, aombewe. Dua ni njema, nami huiomba. Lakini aliyechagua kuwa mzima moto hakuchagua kuungua. Tunampa koti, helmeti na mtungi wa hewa, na akiungua tunampeleka wodini bila kumuuliza kwa nini hakusomea ualimu. Mafunzo humsaidia mtu afanye kazi vizuri. Hayamgeuzi jiwe. Tena wengi niliokutana nao Malindi walikuwa vijana wa kike waliotoka chuo juzi, wenye diploma na moyo mkubwa, waliotupwa kwenye tukio ambalo lingewashinda madaktari wa miaka thelathini.

Wapo pia watakaosema hakuna pesa. Katika ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2020 kuhusu hali ya afya ya akili, kanda ya Afrika ilikuwa na wahudumu wa afya ya akili 1.6 kwa kila watu 100,000, wakati kiwango cha kati cha dunia kilikuwa 13. Maana yake ni kwamba wachache hao hao ndio wanaoitwa kila mahali. Mafuriko yalipofagia Mai Mahiu Aprili 2024, wachache hao. Bweni la shule ya Hillside Endarasha lilipoteketea na wavulana 21 Septemba mwaka huo, wachache hao hao. Kuna wakongwe walioanza na bomu la Nairobi la Agosti 7, 1998, wakapitia shambulio la Westgate, wakapokea wazazi wa wanafunzi waliouawa Garissa mwaka 2015, wazazi waliokuja Nairobi kutambua miili ya watoto wao, wakafika hadi Shakahola. Ukimvunja mmoja kati ya wachache, huna wa kuziba pengo. Kumtibu ni rahisi kuliko kumsomesha mwingine kwa miaka minne. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inaziruhusu kaunti kuwa na mfuko wa dharura. Tunanunua turubai na maji ya chupa kutoka mifuko kama hiyo. Tunashindwaje kumlipia mshauri saa moja kwa wiki?

Na mshauri aliyejeruhiwa akiachwa kazini haumii peke yake. Anaanza kuwa baridi. Anamkatiza mfiwa katikati ya sentensi kwa sababu hawezi kuisikia sehemu inayofuata. Anaandika "amehudumiwa" kwenye fomu na mtu hajahudumiwa. Au anakwenda upande mwingine, anambeba mgonjwa mpaka nyumbani, anampa namba yake binafsi, anaamka saa tisa za usiku kupokea simu, mpaka siku anapozima simu kabisa. Manusura wa Shakahola, ambao tayari waliwahi kumwamini mtu mmoja kwa roho zao zote wakapotezwa, wanaachwa tena. Lakini siitaki hoja hii iwe ndiyo kubwa. Mshauri asitibiwe kwa sababu tu tunamhitaji. Atibiwe kwa sababu ni mtu, na sisi ndio tuliomtuma.

Mwenye kovu usidhani kapoa. Mwaka 2025, pale pale jirani na Shakahola, Kwa Binzaro, makaburi mengine yalifukuliwa na miili zaidi ya thelathini ikatolewa. Wachache wale wale waliobaki kazini waliitwa tena. Sijui mtu mwenye akili timamu anayeweza kudai kwamba miaka miwili katikati ilitumika kuwaponya.

Kwa hiyo nawaandikia moja kwa moja Wizara ya Afya, Wizara ya Leba na Serikali ya Kaunti ya Kilifi. Tengenezeni orodha ya kila mshauri, mwanasaikolojia na wa kujitolea aliyehudumu Malindi, Mtwapa, Shakahola na Kwa Binzaro, hata wale ambao mikataba yao ilishakwisha, hata wale wasiokuwa na mikataba. Mlipieni kila mmoja uchunguzi na matibabu kwa mtaalamu asiye mwajiri wake, kwa muda atakaouhitaji. Wabunge, wekeni jeraha la akili la kazini kwenye Sheria ya 2007 kwa maneno yasiyo na shaka, na muwaingize wa kujitolea. Wafadhili, msitoe hata shilingi kwa ombi la dharura ambalo halina fungu la kuwatunza wahudumu, na msiikubali dibrifingi ya siku moja kuwa ndilo fungu hilo. Mashirika, mpangieni mtu zamu kwenye mochari na zamu ya kukaa mbali nayo, na akija kuwaambia ameumia, mwandikieni ripoti ya jeraha kazini siku hiyo hiyo.

Na wewe msomaji, ukiwa na dada, mke au kaka aliyefanya kazi ile, usimuulize aliona nini. Muulize anahitaji nini, kisha nenda naye ofisini kwa mwajiri wake mkalidai kwa maandishi.